Barua ya wazi kwa Bodi ya Chama cha Wamiliki: boksi la kiyoyozi lililojengewa ukutani ni mali ya nani?

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Nakala kwa Meneja wa Jengo, wamiliki na wapangaji wote,
Tabora.

YAH: MATUNZO NA UBADILISHAJI WA VIYOYOZI VILIVYOPACHIKWA KATIKA KUTA ZA JENGO LETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika nikiwa mmiliki wa nyumba ya ghorofa ya tatu, na nimeiweka barua hii wazi kwa makusudi, kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kusemwa sana kwenye ngazi na kwenye maegesho ya magari bila kufika mahali pa kuamuliwa. Kila mvua zinapoanza, majirani wanagombana juu ya maji yanayochuruzika kutoka kwenye viyoyozi, anaitwa fundi, anapaka silikoni, na mwaka unaofuata ugomvi unarudi palepale. Kwa maoni yangu chanzo chake ni kimoja: tangu jengo hili lianze kukaliwa, Bodi haijawahi kutamka kwa maandishi ni sehemu gani ya kiyoyozi iliyo mali ya mwenye nyumba na ni sehemu gani iliyo mali ya jengo. Ninaomba itamke sasa, kabla ya mvua za Novemba, na ninaeleza hapa chini kwa nini nadhani mpaka huo unapaswa kupita kwenye boksi la bati lililojengewa ukutani.

Kwa faida ya wapangaji wapya, ambao wengi walizoea spliti (kiyoyozi chenye mashine mbili, moja ndani na moja nje) huko walikotoka, nieleze kwanza tunazungumzia kitu gani. Wakati wa ujenzi, chini ya dirisha la sebule na la chumba kikubwa cha kila nyumba, uliachwa upenyo ukutani, na ndani ya upenyo huo likajengewa boksi la bati lililopakwa zinki, lenye upana wa sentimita 66 na kimo cha sentimita 40 hivi. Kiyoyozi chenyewe, yaani kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza), koili ya ndani na koili ya nje (mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi hiyo hupita), feni na trei ya maji, kimefungwa chote kwenye kitako kimoja, na kitako hicho husukumwa ndani ya boksi kutoka upande wa chumbani. Upande wa nje kuna grili ya alumini ambayo hewa ya moto hutokea na hewa mpya huingilia. Mtindo huu ulishamiri Marekani katika karne iliyopita, hasa kwenye hoteli za kando ya barabara na majengo ya ghorofa, na una sifa moja ambayo spliti haina: mashine ikiharibika, watu wawili wanaivuta ndani ya chumba, wanaipeleka kwa fundi na kusukuma nyingine mahali pake, bila ngazi wala jukwaa la nje. Aliyetuchagulia mtindo huu hakutukosea. Tatizo ni kwamba tulikabidhiwa jengo bila utaratibu wa kuutunza.

Boksi na mashine vinahusiana kama fremu na mlango. Mlango unaweza kubadilishwa na kila anayehamia, lakini fremu imejengewa, na ikioza inaoza pamoja na ukuta. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, ambayo ndiyo inayotuwezesha kumiliki nyumba moja moja ndani ya jengo moja, inatofautisha sehemu ya mmiliki binafsi na mali ya pamoja, na hiyo ya pamoja inatunzwa na umoja wa wamiliki kwa michango ya wote. Ukuta wa nje unabeba jengo zima na unazuia mvua kwa ajili ya kila mtu. Sioni namna ambavyo mtu anaweza kuuita wa ghorofa ya tatu peke yake. Boksi limeshikamana na ukuta huo, halitoki bila kuuvunja, na kazi yake ya kwanza, hata kabla ya kubeba mashine, ni kuzuia maji yasiingie kwenye matofali. Kwa hiyo ninapendekeza maneno haya yaingizwe kwenye kanuni za jengo: boksi, grili ya nje, silikoni inayolizunguka boksi na linta (boriti fupi) iliyo juu yake ni mali ya pamoja; mashine, chujio, kifuniko cha ndani, na waya wa umeme kuanzia kwenye breka ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa kuwa nimelisikia kwenye mkutano: wako wamiliki wasiotumia viyoyozi kabisa, kwa nini wachangie maboksi ya wenzao? Jibu ni kwamba maboksi yasiyo na mashine ndiyo yanayotuletea hasara kubwa zaidi. Ghorofa ya pili kuna nyumba ambayo imekaa tupu muda mrefu. Mashine ya sebuleni iliuzwa, na upenyo ukazibwa kwa kipande cha plaiwudi na gunia la mahindi lililokunjwa. Mama anayekaa chini yake aliniita nikaangalie ukuta wake, akijua kwamba nimefanya kazi ya mashine za baridi kwa miaka mingi. Doa la rangi ya chai lilianzia kwenye pembe ya dari na kushuka hadi usawa wa swichi ya taa. Plasta ilikuwa imevimba, na nilipoigonga kwa kifundo cha kidole ilitoa mlio mtupu, ikamwagika sakafuni unga mwekundu. Tulipopata ufunguo wa nyumba ya juu na kulitoa lile gunia, lilikuwa zito kwa maji, na pembe ya nyuma ya boksi ilikuwa imeliwa na kutu hadi kidole gumba kikapita. Chini ya pembe ile nondo mbili zilikuwa zimebaki wazi. Nondo ikishika kutu hutanuka, na ikitanuka hupasua zege iliyoizunguka, kwa hiyo lililoanza kama suala la kiyoyozi sasa ni suala la uimara wa jengo. Na yule mama alipokwenda ofisini kuomba msaada aliambiwa azungumze na jirani yake. Jirani yake yuko Dar es Salaam na hapokei simu.

Ninaomba Bodi itambue pia kwa nini ugomvi huu una msimu wake, maana tusipolielewa hilo tutaendelea kukagua wakati usiofaa. Hapa Tabora joto letu kali ni la Septemba na Oktoba, wakati hewa ni kavu. Kiyoyozi kinafanya kazi mchana kutwa lakini hewa haina unyevu wa kutosha kutoa maji mengi kwenye koili, na kile kidogo kinachotoka hukauka kabla hakijafika popote. Kwa muda huo vumbi linaingia, linajikusanya kwenye trei, linachanganyika na majani ya miembe yaliyopasuka vipandevipande na manyoya ya ndege, na hakuna anayelalamika. Novemba mvua zinapoanza, unyevu unapanda ghafla, koili inaanza kutoa maji kwa lita, na maji hayo yanakutana na trei iliyojaa tope gumu. Yanapanda, yanapita ukingo, na kama boksi limelala vibaya yanarudi chumbani au yanaingia ukutani. Meneja akikagua Oktoba haoni tone. Akikagua Desemba anakuta kila mtu ana hasira.

Ukaguzi unaofaa ni wa Septemba, na ni rahisi kiasi kwamba haustahili kuahirishwa. Mashine inavutwa nje, boksi linafagiliwa, kisha inawekwa pima maji juu ya sakafu ya boksi: upande wa nje unapaswa kuwa chini kidogo kuliko wa ndani, kama milimita sita hivi, ili maji yaelekee nje. Halafu unamimina jagi la maji taratibu ndani ya boksi na kusubiri. Yakitokea nje mbele ya grili, vizuri. Yakisimama, au yakipotea bila kuonekana nje, boksi hilo limetoboka au limelala kinyume, na fundi mwashi aitwe kabla ya mvua. Katika maboksi niliyoruhusiwa kuyatazama, kasoro niliyoikuta zaidi ilikuwa kwamba mtu aliziba kwa silikoni ukingo wa chini wa nje, ambao ndio njia ya maji kutokea, akidhani anazuia mvua. Silikoni inapaswa kuzunguka pale boksi linapokutana na plasta, juu na pembeni. Mlango wa maji unaachwa wazi.

Hapo hapo nigusie jambo la trei, kwa sababu mafundi wetu wanaliharibu kwa nia njema. Mashine nyingi za aina hii zimetengenezwa zihifadhi maji kidogo kwenye trei makusudi. Feni ya nje ina pete inayoyachota maji hayo na kuyarusha juu ya koili ya moto, yakageuka mvuke huku yakiipooza koili. Ndiyo sababu unasikia mlio wa maji yanayorushwa, na mlio huo si ugonjwa. Fundi asiyejua akiusikia anatoboa trei kwa drili ili maji yatoke. Matokeo yake ni mambo mawili: koili ya nje inapata joto zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na maji yaliyokuwa yageuke mvuke yanamdondokea jirani wa chini kwenye nguo alizoanika. Maji kupita kiasi yana njia yake ya kutokea. Kinachotakiwa ni trei kusafishwa, na kwa kuwa mbu wa denge huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama hata kama ni kidogo, usafi huo una faida nyingine.

Kuhusu vumbi, hapa sehemu kubwa ya kazi ni ya wenye nyumba na wapangaji, wala siitupii Bodi. Chujio la ndani linachomolewa kwa mkono, linaoshwa kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, linakaushwa kivulini na kurudishwa. Kwa mwezi mmoja mara moja inatosha wakati wa mvua, na mara mbili kuanzia Julai hadi Oktoba. Koili ya nje ndiyo inayosahaulika. Mji wetu uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ile ya pwani, maana yake feni ileile inapeleka hewa hafifu zaidi kwenye koili ileile. Mashine iliyosafi inaumudu upungufu huo. Mashine iliyozibwa na vumbi haiumudu, kompresa inabaki imewaka bila kupumzika, na mwenye nyumba anashangaa uniti za Luku zinakwenda wapi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) cha aina yetu kinatumia kilowati moja na kidogo kikiwa kinapoza. Tofauti kati ya kompresa inayopumzika nusu ya muda na ile isiyopumzika kabisa kwa usiku mmoja ni uniti nne au tano.

Lakini kuna sehemu ambayo ni ya Bodi. Baada ya popo na njiwa kuanza kuingia kwenye maboksi, ofisi iliagiza grili zote za nje zifunikwe kwa wavu, na fundi aliyepewa kazi akatumia wavu wa mbu. Nia ilikuwa njema na popo kweli waliondoka. Hata hivyo matundu ya wavu wa mbu ni madogo mno, na katika msimu mmoja wa kiangazi yanazibwa na vumbi hadi hewa ya moto inagonga wavu na kurudi kuvutwa tena na mashine ileile. Ukisimama uani saa nane mchana utaona nyavu zimebadilika rangi na kuwa kama udongo wa barabara ya Ipuli. Ninaomba ziondolewe na kuwekwa wavu wa waya mgumu wenye matundu ya sentimita moja hivi, ambao unamzuia njiwa na popo na kuipitisha hewa.

Umeme nao unahitaji uamuzi wa pamoja. Kompresa ikizimwa inahitaji kama dakika tatu ili msukumo wa gesi ndani yake usawazike kabla ya kuwashwa tena; umeme ukikatika na kurudi ndani ya sekunde kumi, inajaribu kuanza dhidi ya msukumo mkubwa, inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na aghalabu kinachoungua kwanza ni kapasita, kifaa kinachoisaidia kompresa kuanza. Hilo likitokea nyumba moja ni bahati mbaya ya nyumba moja. Likitokea jengo zima kwa wakati mmoja, breka kuu inaanguka, na ndiyo maana usiku wa joto umeme ukirudi mtaani sisi tunabaki gizani tukimtafuta mlinzi mwenye ufunguo wa chumba cha mita. Kila kiyoyozi kiwe na kinga yenye kuchelewesha, na Meneja apange ucheleweshaji huo utofautiane kati ya ghorofa na ghorofa. Gharama yake ni ndogo kuliko kompresa moja. Anayezigusa nyaya awe na leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Hili halihitaji mjadala.

Sasa nije kwenye gesi, ambako ninaona tunaibiwa na wakati huohuo tunaharibu hewa. Wamiliki wengi wameniambia kwamba fundi huja kila mwaka "kuongeza gesi". Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikapungua. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama imepungua basi imevuja, na kama imevuja kuna tundu. Isitoshe, mashine za aina yetu zimefungwa kiwandani bila mdomo wa kujazia. Fundi anayetaka kuongeza gesi hulazimika kubana vali ya kutoboa kwenye bomba la shaba, na vali hiyo, ikiachwa pale baada ya kazi, ndiyo inayokuwa tundu jipya. Mteja anarudi kwenye foleni mwaka unaofuata. Fundi mwaminifu anatafuta panapovuja, anapachomelea, anavuta hewa yote kwa pampu, kisha anajaza gesi kwa kuipima kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Asiye na pampu wala mizani asiruhusiwe getini.

Mashine zetu za awali zinatumia R-22, gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni. Tanzania iliridhia Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka hilo, mwaka 1993, na kwa ratiba ya nchi zinazoendelea matumizi ya gesi za kundi hilo yalipaswa kupunguzwa kwa asilimia 10 kufikia mwaka 2015, asilimia 35 kufikia 2020 na asilimia 67.5 kufikia 2025, hadi kukoma 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Kwa hiyo gesi hiyo itazidi kuadimika na kupanda bei, na tayari wapo wanaojaza kitu kingine kwenye mashine ya R-22 bila kumwambia mteja. R-410A, gesi ya mashine za baadaye, ina msukumo unaozidi wa R-22 kwa zaidi ya nusu, na mabomba ya zamani hayakutengenezwa kwa ajili hiyo. Gesi za jamii ya ile ya kupikia zinapoza vizuri sana, lakini zinawaka, na kuziweka kwenye mashine ambayo swichi zake zinatoa cheche karibu na kitanda cha mtoto ni jambo ambalo Bodi inapaswa kulipiga marufuku kwa maandishi. Mashine ya R-22 iliyopoteza gesi yake kwa sababu koili imeoza isijazwe, ibadilishwe.

Na hapo ndipo swali gumu zaidi linapokuja, kwa sababu kiyoyozi cha aina hii huishi miaka kumi hivi, kikitunzwa sana pengine kumi na mitano, na vya kwetu vimezeeka pamoja. Kila mwenye nyumba sasa anaamua peke yake. Baadhi wameagiza mashine mpya ya kuingia kwenye boksi lilelile. Baadhi, wakiona kwamba madukani karibu kila kinachouzwa ni spliti, wameweka spliti: mashine ya nje imening'inizwa ukutani kwa vyuma, bomba la maji linaishia hewani juu ya dirisha la mtu, na boksi la zamani limeachwa wazi au limezibwa kwa bodi ya dari. Mmoja amenunua mtumba kutoka Marekani bila kusoma kibandiko, na mashine yake ni ya hertzi 60, wakati umeme wetu ni wa hertzi 50. Mota ya namna hiyo inazunguka polepole kuliko ilivyopangwa na inapata joto lisilo lake. Sitashangaa ikiungua kabla ya Krismasi.

Msimamo wangu ni kwamba tubaki na maboksi kwa upande wa barabarani na turuhusu spliti kwa masharti upande wa uani. Sababu yangu si uzuri wa jengo, ingawa nao una thamani yake. Upande wa barabarani hakuna roshani wala mahali salama pa fundi kusimama, na kila mashine ya nje inayoning'inizwa huko ni kilo thelathini au zaidi juu ya vichwa vya watoto wanaosubiri bajaji. Uani kuna korido ya huduma, mashine zinaweza kukaa sakafuni kwenye vitako vya zege, na bomba moja la maji kwa kila mstari wa nyumba linaweza kushushwa hadi kwenye mfereji. Anayetaka spliti aombe kibali. Na kibali kiwe na sharti kwamba upenyo wa zamani unazibwa kwa tofali na saruji, unapigwa plasta na rangi ya jengo, na boksi linatolewa kabisa, siyo kufichwa.

Kwa wanaobaki na maboksi, Bodi inaweza kutusaidia kwa jambo ambalo mtu mmoja hawezi. Mashine za vipimo vyetu haziko kwenye rafu za maduka ya mjini. Zinaagizwa, na muuzaji wa Dar es Salaam hana hamu na oda ya mashine moja. Oda ya jengo zima, hata ikigawanywa kwa awamu tatu au nne, ni biashara ambayo ataisikiliza, na bei itakuwa tofauti. Masharti ya oda yawe ya kawaida tu: vipimo vya boksi letu, volti 230 na hertzi 50, gesi ya R-32 pale inapopatikana, kwa kuwa madhara yake kwa joto la dunia ni kama theluthi moja ya yale ya R-410A, na vipuri vya kapasita na feni viagizwe pamoja na mashine. Nyingi ya mashine tulizonazo zina pia koili ya umeme ya kupasha joto, ambayo ilibuniwa kwa nchi zenye baridi kali. Kwetu hutumika usiku chache za Juni na Julai, na wazee wanaipenda. Ila imelala na vumbi mwaka mzima, hutoa harufu ya kuungua ikiwashwa mara ya kwanza, na inakula umeme kuliko kupoza. Anayeihitaji aagize mashine inayopasha joto kwa kugeuza mzunguko wa gesi. Wengine wachukue ya kupoza tu, ni rahisi zaidi.

Fedha za maboksi zitoke kwenye ada ya huduma tunayoilipa kila mwezi. Sipendekezi kuipandisha kabla hatujaona hesabu ya ukaguzi wa kwanza, maana maboksi mengi yanahitaji kusafishwa, kupakwa rangi ya kuzuia kutu na kuwekewa silikoni mpya tu, na machache ndiyo yaliyooza kama lile la ghorofa ya pili. Ninaomba hata hivyo ufunguliwe mfuko wake wenyewe, usichanganywe na mshahara wa walinzi na mafuta ya jenereta, kwa sababu tumeona fedha zilizochanganywa zinaishia wapi. Ukuta wa yule mama wa ghorofa ya kwanza utengenezwe kwa fedha za pamoja sasa hivi, bila kumsubiri jirani wa Dar es Salaam, na chama kimdai huyo jirani baadaye kwa njia zilizopo, ikiwa kitaona kwamba aliacha upenyo wazi kwa uzembe wake.

Ninaomba basi suala hili liwe ajenda ya mkutano mkuu ujao, na rasimu ya kanuni ibandikwe kwenye ubao wa ngazi angalau wiki mbili kabla, ili wapangaji nao waisome, kwa kuwa wao ndio wanaoosha vichujio. Ukaguzi wa maboksi yote, pamoja na ya nyumba tupu, ufanyike ndani ya Septemba, na kila nyumba ipewe karatasi inayoonyesha hali ya boksi lake, mwelekeo wake na lililofanyika. Niko tayari kuzunguka na Meneja na fundi mwashi bila malipo, nikiwa na pima maji yangu, kuanzia siku ambayo Bodi itaona inafaa. Ufunguo wa ile nyumba ya ghorofa ya pili uko kwa mlinzi wa zamu ya mchana.

Naomba kuwasilisha.

Mmiliki, ghorofa ya tatu, upande wa barabarani